Sumaku haijui moto

Wiki hii nataka tuzungumze habari ya chuma. Sizungumzii chuma cha reli wala cha nondo. Nazungumzia kile chuma cheupe, chenye kung'aa, ambacho mafundi wetu hukiita stenlesi, na hasa ile aina ambayo kazi yake ni kukaa motoni mwaka hata mwaka bila kuliwa.

Ukienda kununua bamba la stenlesi hapa Arusha, muuzaji atatoa kisumaku mfukoni na kukigusisha kwenye bamba. Sumaku ikiteleza na kuanguka, atakutazama usoni na kusema: "Umeona mwenyewe, mzee. Hii ndiyo orijino." Ikinasa, mteja naye anakunja uso na kuhamia duka la pili. Mtihani ni huo mmoja tu, na fedha zinabadilisha mikono.

Sasa, sumaku hiyo haidanganyi. Tatizo ni kwamba inajibu swali ambalo mteja hakuuliza. Mteja anayetafuta chuma cha oveni, cha dohani au cha tanuri anauliza: je, kitastahimili moto? Sumaku inamjibu: ndani ya chuma hiki mna kitu kilichozipanga chembechembe zake kwa mtindo fulani. Hayo ni mambo mawili, wala hayakaribiani kama watu wanavyodhani.

Namfahamu mama mmoja wa Ngarenaro, mwoka mikate. Alitengenezewa oveni ya kuni, na sehemu ya kuwashia moto ikavikwa bamba la stenlesi lililofaulu mtihani wa sumaku mbele ya macho yake. Haikupita miezi mitano bamba likajikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Likaanza kutoa magamba meusi, na magamba yakawa yanadondokea mikate. Wateja wakarudisha mikate, na mkopo wa kikundi ukawa palepale. Alipomrudia fundi, fundi alishangaa kuliko yeye. Nami niliyemsikia fundi huyo naamini alikuwa mkweli. Alinunua alichoambiwa anunue, akapima kwa kipimo alichofundishwa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba stenlesi zina ukoo, na kwamba katika ukoo huo wapo wanaoweza moto na wasiouweza.

Ili tuelewe jambo hili hatuna budi kurudi nyuma sana, kabla ya hiyo stenlesi kuwapo duniani.

Watu wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha chuma kwa karne nyingi. Huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Nyanza, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya matanuri yenye umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Huku kwetu kaskazini, wanaosifika zaidi ni Washana wa Ugweno, katika milima ya Upare. Ukoo huo ulikuwa wa waunguzaji wa chuma na wahunzi, na masimulizi ya Wapare yanasema kwamba ndio waliotawala Ugweno kabla ya Wasuya kuwapindua. Malighafi yao ilikuwa mchanga mweusi wa mitoni, ule ambao mvua ikishanyesha huachwa pembeni ya kijito ukimetameta. Chuma cha Upare kilisafiri hadi Uchagani, na huko wahunzi wakakifua kuwa mikuki na majembe. Wamasai nao walikuwa na ukoo wao wa wahunzi, Ilkunono, ambao waliogopwa na kudharauliwa kwa wakati mmoja, ingawa moran asingekuwa na mkuki wala simi pasipo wao.

Katika kazi hiyo yote, jambo gumu kabisa lilikuwa mrija. Tanuri halifanyi kazi bila upepo, na upepo hutoka kwenye mivukuto kupitia mrija unaoingia ndani ya moto wenyewe. Mrija ukipasuka au ukiyeyuka, kazi ya siku nzima imeharibika. Kwa hiyo mwunguzaji alilazimika kujua udongo. Alijua upi ukikaushwa na kuchomwa utastahimili, na upi utalegea kama ugali. Wataalamu wawili wa Kimarekani, Peter Schmidt na Donald Avery, walikaa na wazee wa Kihaya katika miaka ya 1970, na wazee wakawajengea tanuri kama walivyojenga ujanani. Mwaka 1978 wataalamu hao wakaandika katika jarida la Science kwamba mirija ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hivi kwamba upepo ulipata joto ukiwa bado njiani, na moto ukawa mkali kupita kawaida. Wataalamu wengine walibishana nao kuhusu mkali kiasi gani, na ubishi huo haukwisha mapema. Lakini kwamba mrija ulikaa motoni na kufanya kazi yake, hilo halikuwa na ubishi.

Kisha karne ya 19 ikaja na waya. Misafara kutoka Pangani na Mombasa ilipanda bara ikibeba nguo, shanga na mizigo ya senyenge, yaani waya mnene wa chuma uliotengenezwa Ulaya. Joseph Thomson alipopita nchi ya Wamasai mwaka 1883 alijua hawezi kuvuka bila mizigo hiyo. Mhunzi wa Kichagga au wa Kimasai akagundua kwamba waya huo ni chuma safi kilicho tayari. Ya nini basi kuchekecha mchanga mtoni, kukata miti ya makaa na kukesha na mivukuto, ilhali chuma kinaletwa mlangoni? Polepole matanuri yakazimika. Reli kutoka Tanga ilipofika Arusha mwaka 1929, chuma cha kigeni kikawa rahisi zaidi. Kufua kukabaki na kuyeyusha kukafa. Tangu hapo fundi wetu amekuwa mtu wa kukipinda chuma na kukiunga, mwenye mkono hodari kweli, lakini habari za ndani ya chuma chenyewe akawa anaambiwa na muuzaji.

Wakati matanuri yetu yanazimika, huko Ulaya watu walikuwa wanasumbuliwa na tatizo lile lile la mrija.

Katika mji wa Essen, Ujerumani, kiwanda cha Krupp kilikuwa na maabara iliyoongozwa na Benno Strauss. Viwanda vya chuma wakati ule vilikuwa vimeanza kupima joto la matanuri kwa nyaya maalumu, na nyaya hizo zilihitaji kufunikwa na mrija usioungua. Strauss akatafuta chuma cha kutengenezea mrija huo. Walichanganya chuma na kromi, wakachanganya na nikeli, kwa vipimo mbalimbali. Mwenzake, Eduard Maurer, akaona jambo la ajabu: vipande fulani vilivyoachwa katika maabara yenye mvuke wa tindikali havikuwa vimeshika kutu hata kidogo. Mwaka 1912 Krupp wakaomba hataza. Mchanganyiko uliopata jina kubwa waliuita V2A, na ulikuwa na kromi kiasi cha asilimia 20 na nikeli kiasi cha asilimia 7. Kwa maneno mengine, ndugu msikilizaji, sufuria yako ya stenlesi inayokaa kabatini kwa ajili ya wageni ni mjukuu wa mrija wa tanuri. Walitafuta chuma cha moto, wakapata na chuma kisicho na kutu.

Mwaka uliofuata, 1913, katika mji wa Sheffield, Uingereza, Harry Brearley naye alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholiwa haraka na joto na msuguano. Akapata chuma chenye kromi karibu asilimia 13, bila nikeli. Hicho nacho hakikushika kutu, na Waingereza wakakitengenezea visu. Lakini hicho cha Brearley hunaswa na sumaku, na kile cha Krupp hakinaswi. Hapo ndipo ukoo unapogawanyika.

Niruhusuni nieleze kidogo, maana hapa ndipo penye kiini. Chuma kimejengwa kwa fuwele, yaani chembe zilizojipanga kwa safu kama machungwa sokoni. Kikiwa baridi hujipanga kwa mtindo mmoja. Kikipashwa moto kupita nyuzi 912, hubadili mpango na kujipanga kwa mtindo mwingine ulioshikamana zaidi. Mfaransa Floris Osmond aliuita mpango huo wa pili osteniti, kwa heshima ya Mwingereza William Roberts-Austen. Chuma cha kawaida kikipoa hurudi kwenye mpango wa kwanza. Nikeli ikiwa nyingi hukizuia kisirudi, nacho hubaki katika umbo la chuma cha moto hata kikiwa baridi mezani kwako. Mpango huo wa osteniti haunaswi na sumaku. Vilevile ndio unaolegea kwa shida kikiwa motoni. Chuma cha kawaida kikibeba mzigo katika joto la nyuzi 600 hulegea na kujinyoosha polepole mpaka kinakatika, lakini cha osteniti huvumilia zaidi.

Hata hivyo nguvu peke yake haitoshi. Moto hula ngozi ya chuma. Ukitazama jiko la chuma cheusi utaona magamba yanayobanduka, na kila gamba ni chuma kilichogeuzwa kutu na moto. Kazi ya kuzuia hilo ni ya kromi. Kromi ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba mno, usioonekana kwa macho, unaoziba na kujiziba tena ukikwaruzwa. Kadiri moto unavyozidi ndivyo kromi nyingi inavyohitajika. Chuma chenye kromi 18 na nikeli 8, ambacho Mwingereza W. H. Hatfield alikipa umaarufu mwaka 1924, huvumilia hewa ya moto hadi karibu nyuzi 900. Ukitaka kufika nyuzi 1,100 unahitaji kromi 25 na nikeli 20. Basi nikeli hushika umbo na kromi hulinda ngozi, na sumaku haijui lolote kuhusu kromi.

Pengine nyuzi hizi hazikwambii kitu. Chukua Ol Doinyo Lengai, mlima wetu wa volkano ulio kaskazini kule Ngorongoro. Uji wake ni wa baridi kuliko wa volkano nyingine zote zinazojulikana, kati ya nyuzi 500 na 600, hata mchana hauonekani mwekundu bali mweusi kama matope. Kwa joto peke yake, bamba la 18 kwa 8 lingeweza kusimama humo. Lakini makaa yanayopulizwa vizuri katika jiko lako hupita nyuzi 800 bila taabu. Jiko la mama lishe lina moto kuliko Lengai! Ndiyo maana Wakenya walipobuni jiko lao bora la mkaa mwanzoni mwa miaka ya 1980, hawakutafuta chuma kigumu zaidi. Waliweka bakuli la udongo uliochomwa ndani ya chuma, chuma kikabaki kushika udongo, na udongo ukashika moto. Mwunguzaji wa Ugweno angelitambua jiko hilo mara moja.

Turudi kwenye historia, maana vita ndivyo vilivyoisukuma habari hii mbele. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, chuma cha Brearley kiliacha kwenda kwenye visu na kikaenda kwenye valvu za kutolea moshi katika injini za ndege. Valvu hiyo inapigwa na miali ya moto mamia ya mara kila dakika, na ya chuma cha kawaida ilikuwa inaungua hewani, na rubani anashuka nayo. Ndege za kivita zilifika huku kwetu pia. Mapema mwaka 1916 Waingereza waliweka kikosi cha 26 cha ndege pale Mbuyuni, upande wa Kenya wa Kilimanjaro, na mwezi Machi jeshi la Smuts likaingia Moshi. Wazee waliotazama juu siku hizo waliona injini ikiruka kwa mara ya kwanza.

Baadaye injini za magari nazo zikahitaji valvu bora, na hapo osteniti ikachukua nafasi. Valvu nyingi za moshi zimetengenezwa kwa chuma chenye kromi 21, nikeli 4 na manganizi 9 pamoja na naitrojeni kidogo. Fundi wa injini aliyekomaa anaijua siri hii kwa mkono. Valvu ya kuingiza hewa hunaswa na sumaku, lakini ya moshi mara nyingi kichwa chake hakinaswi, hata kama mguu wake unanaswa, kwa kuwa vipande viwili vya vyuma tofauti vimeungwa pamoja. Hapo sumaku inatumika kwa akili, kwa sababu anayeitumia anajua kinachopaswa kuwamo.

Kisha ikaja jeti. Mwingereza Frank Whittle aliwasha injini yake ya kwanza mwaka 1937. Shida yake kubwa ilikuwa mapanga ya turbini, ambayo yanazunguka kwa kasi ya kutisha ndani ya gesi ya moto. Alianza na chuma cha osteniti kutoka Sheffield kilichoitwa Stayblade, kisha akahamia kingine kilichoitwa Rex 78. Mwezi Mei 1941 ndege yake ikaruka. Lakini joto lilizidi kupanda, na mwishowe chuma chenyewe kikaachia kiti kwa ndugu yake, mchanganyiko wenye nikeli nyingi kuliko kitu kingine chochote, ulioitwa Nimonic. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet iliondoka London na abiria wa kulipa, safari ya kwanza ya jeti ya namna hiyo duniani. Nayo haikwenda New York kama mtu angedhani. Ilikwenda Johannesburg kupitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Entebbe, ndugu zangu! Afrika Mashariki iliiona jeti ya abiria wa kulipa kabla ya Marekani.

Upande wa Wajerumani kuna kisa kinachotuhusu zaidi kuliko Comet. Nao walikuwa na injini ya jeti, Jumo 004, na Krupp waliwatengenezea chuma cha osteniti kwa ajili ya mapanga yake, kiitwacho Tinidur, chenye nikeli asilimia 30. Lakini vita viliwafungia njia za kupata nikeli. Wakafanya nini? Wakatoa nikeli wakaweka manganizi. Manganizi nayo inaweza kushikilia ule mpango wa osteniti. Chuma hicho kipya kiliitwa Cromadur. Sumaku haikunasa. Kwa sura kilikuwa ndugu yake yule wa kwanza. Lakini motoni kilikuwa dhaifu zaidi, na injini hizo zilihesabiwa maisha yake kwa saa 10 hadi 25, kisha zinafunguliwa. Wahandisi wale hawakudanganyika. Walijua udhaifu wa chuma chao, wakaandika saa za matumizi, wakabadilisha mapanga.

Sasa hesabu mwenyewe. Baada ya vita nikeli iliadimika tena katika miaka ya 1950, wakati wa vita vya Korea, na Wamarekani wakaitoa aina za stenlesi zenye manganizi nyingi na nikeli kidogo. Hizo ndizo namba za 200, kama 201. Ni vyuma halali. Kwa reli ya ngazi ya nyumbani, kwa meza ya jikoni, kwa kijiko, hazina ubaya. Lakini nikeli ni ghali. Tarehe 8 Machi 2022 bei yake katika soko la London ilipanda ghafla hadi kupita dola 100,000 kwa tani, na soko likasimamishwa. Bei ikiwa hivyo, kila kiwanda kina sababu ya kupunguza nikeli na kuongeza manganizi, na wengine hupunguza na kromi humo humo. Bamba linafika kwetu likiwa jeupe, linang'aa, halinasi sumaku. Ile Cromadur ya 1944 imeingia katika oveni ya Ngarenaro, ila safari hii hakuna aliyeandika saa za matumizi.

Mkate wenye magamba ni hasara. Lakini iko kazi ambayo kosa lake ni kubwa zaidi, nayo ni matanuri ya kuteketezea taka za hospitali. Sindano zilizotumika, bandeji zenye damu na mirija ya plastiki ni vitu visivyotakiwa kutupwa jalalani ambako watoto huokota. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizojenga matanuri madogo ya matofali ya mtindo wa De Montfort, uliobuniwa katika chuo kikuu cha jina hilo, Uingereza. Hapa hapa Arusha, Shirika la TEMDO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1980 kwa ajili ya kusanifu mitambo, nalo limebuni tanuri la taka za hospitali. Moto wa tanuri kama hilo hauna budi kupita nyuzi 800, la sivyo moshi unatoka na sumu. Na matofali yakishika moto, bado kuna milango, vyavu za kuchochea, vichomeo na chini ya dohani, ambavyo ni chuma.

Hapo ndipo hata stenlesi nzuri inapata adui wa pili. Plastiki za aina fulani zikiungua hutoa klorini, nayo huvunja utando wa kromi. Mafuta yenye salfa nayo yana kisa chake: salfa hupenda nikeli, na kikiwa motoni chuma chenye nikeli nyingi sana huweza kuliwa haraka kuliko chenye kidogo. Kwa hiyo anayedhani kwamba ghali zaidi ndiyo bora zaidi naye amekosea. Lazima aulize moto wa nini, na unachoma nini.

Liko na la mashine ya kuchomelea, ambalo mafundi wangu wa mtaani hawatalipenda. Stenlesi ikikaa katika joto la kati ya nyuzi 450 na 850, kromi iliyomo huungana na kaboni mipakani mwa fuwele. Pembezoni mwa kiungo panabaki chuma kisicho na kromi ya kutosha, na hapo kutu huingia kama mchwa: juu pazima, ndani pameliwa. Ndiyo sababu utaona tangi linavuja kando kidogo ya ulehemu wakati ulehemu wenyewe mzima. Dawa ilipatikana kabla ya 1940: ama kupunguza kaboni, ama kuongeza titani au niobi kidogo ili kaboni iungane na hizo na kuiacha kromi. Aina yenye titani inaitwa 321, na ndiyo inayotumika sana kwenye mabomba ya moshi ya injini za ndege. Tena stenlesi ya osteniti hutanuka kwa joto karibu mara moja na nusu ya chuma cheusi, na haipitishi joto haraka. Ukiikaza kwa bolti pande zote nne karibu na moto, haina pa kwenda. Itajikunja tu. Bamba la yule mama lilikuwa limekazwa pande zote nne.

Kuna jambo linaloniuma nikitazama ramani. Titani ya kutuliza kiungo imo ndani ya chuma cha Liganga, Ludewa, pamoja na vanadi. Nikeli iko Kabanga, wilayani Ngara, iliyogunduliwa katika miaka ya 1970, na mwezi Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba wa kuichimba ikipata hisa asilimia 16 katika kampuni ya Tembo Nickel. Kromi iko kwa jirani zetu wa SADC, Zimbabwe na Afrika Kusini, na Afrika Kusini ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Viungo vyote vya chuma cha moto viko katika umbali ambao lori linaweza kusafiri, lakini bamba tunaletewa kwa meli, kama senyenge ya mwaka 1883. Sisemi tujenge kiwanda kesho. Chuma hiki kinataka umeme mwingi na soko kubwa. Ila kukijua hakuhitaji kiwanda. Chuo cha Ufundi Arusha kimefundisha tangu 1978, na sioni ni kwa nini somo la kusoma namba ya chuma libaki darasani, lisishuke hadi kwa kijana anayejifunza kuchomelea chini ya mwembe.

Basi kwa anayekwenda dukani wiki hii, habari yenyewe ni fupi. Bamba zima kutoka kiwandani mara nyingi lina maandishi mgongoni, na kati ya maandishi hayo mna namba ya aina. Ukiona 201 au 202, hiyo ni ya manganizi, nunua kwa ajili ya meza. 304 ni ile ya 18 kwa 8, inafaa sufuria, tangi la maziwa na dohani isiyo na moto mkali. 309 na 310 ndizo za motoni hasa, na bei yake itakushtua. Kama namba imefutwa, au umeuziwa kipande kilichokatwa, mwombe muuzaji karatasi ya kiwanda inayoonyesha kromi ni asilimia ngapi na nikeli ni asilimia ngapi. Yako pia matone ya dawa, yanayodondoshwa juu ya bamba, ambayo hubadilika rangi yakikuta manganizi nyingi. Na ikiwa fedha haitoshi kwa 310, mwambie fundi ajenge chumba cha moto kwa matofali ya udongo wa kuchoma, na stenlesi aiweke juu, mahali pa mkate, akiiachia nafasi ya kutanuka upande mmoja.